Ufa wa Sentimita Mbili

Ililetwa Kisumu juu ya lori, imefunikwa turubai,
mabawa yamelazwa kando yake kama magongo ya mgonjwa.
Bawabu akadai stakabadhi.
Dereva akampa karatasi moja:
Ndege, moja. Haina silaha. Haina mafuta. Haitarudishwa.

Ni miaka kumi na mitatu sasa.
Nambari yake ya jeshi tuliifuta kwa msasa,
lakini jua la saa kumi likiipiga ubavuni
tarakimu huchomoza tena, hafifu, kama makovu ya ndui.

Mimi niliijua ikiwa hai.
Nanyuki, alfajiri, baridi ya mlima inang'ata vidole,
tuliinywesha, tukaijaza upepo, tukarudi nyuma hatua kumi
ikanguruma.
Sikuipanda hata siku moja. Fundi hubaki chini
akihesabu zilizotoka,
akihesabu zilizorudi.

Leo iko Usoma, karakana ya mabati,
wadudu wa ziwani wamegandia kioo cha rubani.
Kila muhula inafunguliwa, kila muhula inafungwa.
Skrubu za kifuniko cha kushoto zimetolewa mno,
matundu yamelegea
kama ndewe za bibi aliyezoea vipuli vizito.
Ilipokuwa na marubani
hakuna aliyeishika kwa upole huu.
Jeshini tulikuwa na haraka.

Na mwisho wa mtihani, daftari.
Mwanafunzi huandika tarehe, huandika jina,
na chini yake: Imekaguliwa. Inafaa kuruka.
Vijana mia tatu wameandika hivyo
juu ya ndege ambayo bawa lake moja
limeegemezwa ukutani, karibu na ndoo za mchanga.
Nami nikatia sahihi chini ya zao.
Mtihani tu.

Mpaka akaja Kageha, wa Mbale,
mchache wa maneno, grisi hadi kwenye nyusi.
Alilala chini ya shina la bawa dakika arobaini
na tochi na kioo cha kukuzia.
Wenzake walikuwa wameshakwenda kula.
Akatoka, akaandika: Haifai kuruka.

Nikamwambia, Kageha,
hii haijaruka tangu uko darasa la pili.
Akasema, Ndiyo, mwalimu.
Lakini ina ufa.

Nikalala chali pale alipolala.
Fremu ya saba. Sentimita mbili, mwembamba kuliko unywele,
na kingo zake zimeshika weusi wa zamani.
Ufa mzee. Si wa lori. Si wa vijana na nyundo zao.
Wa angani.
Nikabaki pale chini, saruji inanipoza mgongo,
najaribu kukumbuka ni asubuhi ngapi
niliinua kidole gumba
na mtu ndani ya kioo akaniamini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa.
Kwa bati la ndege, sivyo.
Ufa wa ndege hutobolewa:
unatafuta ncha yake, pale unapotaka kuendelea,
unaweka keekee ndogo, unatoboa tundu la duara.
Ukifika hapo hauna tena pa kushika.

Nyamweya wa vyuma chakavu alikuja mwezi jana na mizani.
Sufuria mia nne, alisema, akiipapasa tumbo,
Kibuye zitaisha kwa wiki.
Mkuu wa chuo akanitazama.
Sikumkasirikia mtu. Sufuria nayo ni kazi.
Nikaomba muhula mmoja.

Jana Kageha alishika keekee mwenyewe.
Ndege ya alasiri kutoka Nairobi ikapita juu yetu,
mabati yakatetemeka, spana zikalia kwenye misumari yake.
Akasimamisha mkono.
Akangoja mtetemo wote uishe,
hata ule mdogo wa mwisho ambao mimi siusikii tena,
ndipo akatoboa.

Chenga ya bati ikamdondokea kiganjani, inang'aa, mpya kabisa.
Akaitia mfukoni.
Daftari bado liko wazi ukurasa ule.
Sijatia sahihi. Natafuta kalamu isiyofutika.